Punda akigoma si lazima awe mkaidi

"Asante ya punda ni mateke," husema Waswahili, na wengi huamini kwamba punda akisimama njiani ni ubishi tu, dawa yake fimbo.

Lakini asili ya punda wa kufugwa ni punda mwitu wa nchi kavu na zenye mawe za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Huko, kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Farasi akishtuka mara nyingi hutimka. Punda husimama kwanza, apime. Fimbo humwongezea hofu tu. Na teke? Mara nyingi ni hofu au maumivu, hasa ukimjia kwa nyuma asikokuona vizuri. Tena punda huficha maumivu, kwa hiyo kugoma huenda ndiyo dalili ya kwanza utakayoiona.

Ukikutana naye kwenye kichochoro cha Lamu amegoma na mchanga mgongoni, jaribu hivi: mteremshie mzigo, kagua chini ya matandiko kama pana kidonda, inua kwato utafute jiwe, mpe maji. Kisha mtangulize mwenzake aliyezoeana naye. Punda hushikamana sana wawili wawili, na akifungwa peke yake hunyong'onyea. Mara nyingi atamfuata bila hata kuguswa.