Kile kinyago cha BAFTA hakikuanzia kwenye filamu

Kila msimu wa tuzo ukifika watu wanarudia ileile, eti BAFTA, ile tuzo yenye umbo la kinyago cha uso, ni Oscar ya Uingereza, tuzo ya filamu, halafu televisheni ikaja kubebwa baadaye kama mgeni. Hapana jamani, na hapa watu wa televisheni wanadhulumiwa kabisa.

Iko hivi. Mwaka 1947 watu wa filamu London walianzisha akademi yao, mwenyekiti wa kwanza mwongozaji David Lean, na tuzo yao ilikuwa sanamu ya mwanamke aliyekaa, kazi ya mchongaji Henry Moore, wala si kinyago. Pembeni, miaka ya 50 mwanzoni, watayarishaji na waongozaji wa televisheni nao wakaunda chama chao, na hao ndo walioagiza kile kinyago, kikachongwa na Mitzi Cunliffe, Mmarekani aliyekuwa anaishi Manchester, mwaka 1955. Ukibahatika kukiona kwa nyuma, angalia machoni: jicho moja limezungushiwa alama ya elektroniki, lingine alama ya skrini. Yani televisheni imechorwa mulemule ndani!

1958 vyama viwili vikaungana, jina BAFTA lenyewe limekuja 1976. Sanamu ya Moore iliendelea kutolewa kwenye filamu hadi miaka ya 60, ndo baadaye watu wa filamu nao wakahamia kwenye kinyago. Kwa hiyo mwigizaji wa filamu akikiinua leo, anainua tuzo iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya watu wa televisheni.