Bustani ya mvua: maana yake, na kazi ya mimea ya asili ndani yake

Bustani ya mvua ni kipande cha ardhi kilichochimbwa kikabonyea kidogo, kwa kawaida kina cha sentimita 10 hadi 20, kikatiwa udongo unaopitisha maji na kupandwa mimea ya kudumu. Maji yanayotiririka kutoka paani, uani au barabarani huelekezwa humo yanywewe na ardhi badala ya kukimbilia mtaroni. Si bwawa, wala si kinamasi. Siku nyingi za mwaka huwa kavu, na mpita njia hudhani ni kitalu cha maua tu.

Ili kuona inachokabiliana nacho, tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25 humwaga lita 2,500. Ardhi yenye nyasi na miti ingekunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati, saruji na lami karibu hazinywi kitu. Maji yakishapata mwendo huzoa kila yanachokikuta: mafuta ya magari, vumbi la breki na matairi, kinyesi cha wanyama, mbolea iliyozidi shambani, udongo uliolegea. Katika miji mingi mtaro wa mvua hauendi kwenye mtambo wa kusafisha maji bali huishia mtoni, ziwani au baharini, uchafu wote ukiwemo.

Maji ya mwanzo wa mvua ndiyo machafu zaidi kwa kawaida, hasa baada ya kiangazi, kwa sababu ndiyo yanayofagia vilivyojikusanya. Ndiyo maana bustani ndogo, isiyoweza kumeza mvua yote, bado ina faida kubwa: ikidaka dakika za kwanza tu, imeshapunguza sehemu nzuri ya uchafu.

Ndani ya bustani kazi hufanywa na udongo zaidi ya kitu kingine. Maji yanapopunguza mwendo, mchanga na tope hutuama. Metali kama zinki, shaba na risasi hushikwa na chembe za mfinyanzi na mboji, nyingi zikibaki sentimita chache za juu. Mafuta huliwa taratibu na bakteria. Naitrojeni, ile itokayo kwenye mbolea na kinyesi, ni mkaidi zaidi, kwani ikiwa katika hali ya naitreti huyeyuka na kupita na maji. Kuiondoa huhitaji tabaka la chini lililolowa na kukosa hewa, ambamo bakteria huigeuza kuwa gesi. Chumvi, kwa mfano ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu katika nchi za baridi, haizuiwi kabisa.

Ushahidi ulionivutia kuliko wote unatoka kwenye vijito vya eneo la Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Samoni aina ya coho walikuwa wakirudi kutaga na kufa kabla ya kutaga, hasa mvua inaponyesha. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba maji ya barabarani yaliyowaua samaki hao hayakuwaua tena yalipochujwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji. Sumu yenyewe ilitambuliwa mwaka 2020: ni 6PPD-kwinoni, inayotokea pale kemikali ya kinga inayotiwa kwenye mpira wa matairi inapokutana na ozoni, gesi iliyo hewani. Udongo ulikuwa umeshaifanya kazi kabla wanakemia hawajajua wanapambana na nini.

Wazo la kuipa kila nyumba bustani ya namna hii lilianza mwaka 1990 katika wilaya ya Prince George's, Maryland, Marekani. Mjenzi Dick Brinker, badala ya kuchimba bwawa la kawaida la kukusanyia maji, alimwendea Larry Coffman wa idara ya mazingira ya wilaya, na mtaa wa Somerset ukajengwa kwa mpango huo.

Mimea inaingiaje basi? Udongo usio na mizizi huganda, ukaziba na kuacha kunywa. Mizizi inayokua, kufa na kuota upya huacha vijia vya maji, na kandokando yake huishi vijidudu vinavyosaga uchafu. Mimea ya asili ya mahali hapo hupendelewa kwa sababu ya kawaida kabisa: imezoea mvua na ukame wa pale, na ikishashika haidai mbolea wala dawa za wadudu. Kutia mbolea ndani ya chujio la mbolea ni kichekesho. Hata mboji ikizidi, bustani yenyewe huanza kuvujisha fosforasi, kirutubisho kilekile cha mbolea. Sisemi mmea wa kigeni hauwezi kupitisha maji, unaweza. Ila baadhi huvamia, na mbegu zake hufuata maji hadi mtoni.

Kosa linaloonekana sana ni kupanda mimea ya kinamasi. Hiyo hufa kiangazi. Katikati ya bonde panahitaji mimea inayovumilia kulowa siku moja au mbili kisha kukauka kwa majuma. Ukingoni panatosha inayopenda ukavu.

Kabla ya kuchimba, toboa shimo la majaribio, ulijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze tena na upime muda. Bustani inatakiwa ikauke ndani ya saa 24 hadi 48. Mbu kwa kawaida huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, hivyo bustani inayokauka kwa wakati haiwazalishi. Maji yakikaa siku tatu, tafuta mahali pengine au badilisha udongo. Kaa angalau mita tatu kutoka msingi wa nyumba, usichimbe juu ya shimo la maji taka, na acha njia ya maji kufurikia upande usio na madhara, maana mvua kubwa itakuja. Baada ya hapo ni kung'oa magugu, kuongeza matandazo, na kukwangua tope mlangoni mwa maji kila linapojaa.