"Tusubiri Jua Litoke": Dhana Potofu Ninazokutana Nazo Kitulo Kila Msimu

Wikiendi iliyopita tulikuwa Kitulo, hifadhi ya maua ya huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu umelala juu ya nyasi, upepo umetulia, umande umejaa kwenye kila jani. Asubuhi ya namna hiyo mpiga picha wa maua huiombea mwezi mzima. Nikafungua mlango wa gari, na kabla mguu haujagusa chini nikasikia kutoka kiti cha nyuma: "Kaka, si tusubiri jua litoke kwanza?"

Maneno hayo nimeyasikia kwa wateja wa Mbeya mjini, wa Iringa, wa Dar es Salaam na kwa wageni kutoka nje. Nimeyasikia kwa wenye simu na kwa wenye lenzi inayozidi bei ya pikipiki. Safari hii nimeona niandike, ili anayekuja matembezi ya msimu huu awe ameshasoma kabla hatujaanza kupanda zile kona hamsini na saba za kutoka Chimala kwenda Matamba.

"Picha nzuri ya ua inataka jua"

Hapana. Ua linataka mwanga laini, na jua la mchana kwenye mita 2,600 si laini hata kidogo.

Najua imani hii imetoka wapi. Mafundi picha wa enzi za filamu walitupanga mbele ya nyumba tukitazama jua mpaka macho yakatoa machozi. Walikuwa na sababu zao: filamu nyingi za madukani zilikuwa za ASA 100, zinahitaji mwanga mwingi, na wao walikuwa wanapiga sura za watu waliosimama mita tatu mbele. Ua la okidi lenye ukubwa wa ukucha, ukiwa umelisogelea sentimita ishirini, ni kazi nyingine.

Chukua Satyrium, mojawapo ya okidi za Kitulo. Ua lake lina kofia kwa juu, na nyuma ya kofia vinaning'inia vijimkia viwili vyembamba. Hivyo viwili ndivyo vya kumtambulia, maana jamaa yake Disa ana kimoja. Sasa Kitulo iko kama nyuzi tisa kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Februari, okidi zikiwa zimekolea, jua la adhuhuri linapita karibu kabisa na utosi. Ukipiga saa hiyo, kofia inaungua na kuwa nyeupe, mdomo wa ua unakuwa shimo jeusi, na vile vijimkia vinapotea kwenye kivuli. Jicho lako linaviona vyote kwa sababu linajirekebisha kila linapohama. Kamera inachagua kipimo kimoja cha mwanga kwa picha nzima. Ikifuata kofia, mdomo unazama. Ikifuata mdomo, kofia inaungua. Simu za siku hizi hujaribu kuunganisha picha kadhaa kuwa moja, lakini ua likitikisika katikati ya hizo picha unapata kingo zenye ukungu wa ajabu. Na rangi ambayo haikurekodiwa hairudishwi na programu yoyote ya kuhariri.

Mawingu yakitanda, anga lote linageuka taa moja kubwa. Mwanga unaingia kutoka kila upande, unapenya chini ya kofia, unafika kwenye koo la ua ambako kuna madoa na vinyweleo ambavyo watu wengi hawajui kama vipo. Studio za mjini wananunua visanduku vya kitambaa cheupe ili wapate mwanga wa aina hiyo. Kitulo tunapewa bure, asubuhi nyingi tu za msimu wa mvua, na watu wanakaa ndani ya gari wakisubiri uondoke.

Rangi nyekundu ndiyo inayoumia zaidi. Ile Kniphofia inayosimama kama mwenge katikati ya nyasi hufunguka kutoka chini kwenda juu, na kila ua lake ni kijifuko chembamba. Juani, sehemu ya sensa (kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) inayopokea nyekundu hujaa kabla ya nyingine. Kamera ikipiga wastani inaona mambo ni sawa, kumbe nyekundu imeshafurika. Unachopata ni kipande chekundu kisicho na mistari wala vijifuko, kama kimepakwa rangi ya mafuta. Chini ya mawingu tatizo hili hupungua sana, na hata hapo napenda kupunguza mwanga kidogo, theluthi mbili za hatua moja hivi, kwa kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa wenye simu: gusa ua kwenye kioo, kisha vuta kidole chini mpaka uone mistari ya petali imerudi. Maua meupe na ukungu wenyewe yanataka kinyume chake. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaufanya wa kijivu, kwa hiyo hapo ongeza. Weka na mizani ya rangi kwenye alama ya wingu, la sivyo kila kitu kitatoka na ubluu wa baridi.

Tena jua huja na upepo. Miteremko ikishapata joto hewa inaanza kupanda, na kufikia saa nne asubuhi vikonyo vyote vinayumba. Ukiwa karibu na ua, yumbo la milimita mbili linatosha kuharibu fokasi. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwepo, naweza kushuka kwenye kasi ya 1/60 ya sekunde nikiwa na stendi na picha ikatoka kali. Saa tano hata 1/500 nahangaika.

Wikiendi hiyo wawili walibaki garini. Mwalimu mmoja wa sekondari alishuka na simu yenye kioo kilichopasuka, akalala kifudifudi juu ya kiroba nilichompa. Mbele yake kulikuwa na ua la manjano la jamii ya alizeti, na katikati ya ua kulikuwa na nyuki mdogo aliyeganda kwa baridi, ameshika chavua kwa miguu yote, matone ya umande yamepangana mgongoni mwake kama shanga. Nyuki wa aina hiyo hawana mzinga. Hulala popote usiku ulipowakuta, na mpaka wapate joto hawawezi kuruka. Mwalimu alipiga taratibu, akasogea, akapiga tena. Kwenye picha ya mwisho unaona ndani ya tone moja taswira ya ua zima, limegeuzwa kichwa chini. Jua lilitoka saa nne kasorobo. Umande ukakauka, nyuki akaruka, na wale wawili wakashuka na kamera zao. Jioni tulipopitia picha wote pamoja, mmoja wao aliniuliza alikosea mpangilio gani. Mpangilio wake ulikuwa sawa. Alikosea saa.

Jua likitoka, je? Usifunge begi. Kwanza, lifuate upande wa pili. Likiwa bado chini, jipange ua liwe kati yako na jua, mwanga upenye kwenye petali. Zinawaka kama karatasi ya taa, mishipa yote inaonekana. Watu wanaogopa kwa sababu wameambiwa jua lazima liwe mgongoni. Ziba tu lenzi kwa kiganja ili miale isiingie moja kwa moja. Pili, beba kitambaa cheupe. Mimi natembea na kipande cha shuka jeupe la zamani, mita moja kwa moja, mwenzangu ananishikia juu ya ua na tayari nina wingu langu. Shuka hilo na kiroba cha kulalia ni vitu viwili ninavyomwambia kila mteja aje navyo, kabla ya kuongea habari za lenzi. Wanaokuja navyo ni wachache, na sijaacha kusema.

"Njoo Julai, barabara inakuwa kavu"

Barabara ni kavu kweli, na nyasi pia. Kuanzia Juni mpaka Agosti usiku unaweza kushuka chini ya sifuri, asubuhi sakitu imetanda, na uwanda una rangi ya kahawia. Ni pazuri kwa kutembea. Maua ni machache. Nyanda za juu kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwenye Novemba na kuisha kwenye Aprili au Mei. Mvua za kwanza ndizo majira yetu ya kuchipua. Mgeni anayehesabu kwa kalenda ya Ulaya anakuja Machi akidhani ndiyo mwanzo, kumbe sisi tuko karibu na mwisho. Ukitaka kuona chipukizi zinapasua ardhi nyeusi na maua ya kwanza yakiwa peke yake katikati ya nyasi fupi, njoo Novemba mwishoni au Desemba. Ukitaka zulia lote, Januari na Februari. Uje na gari linaloweza tope.

"Kwa simu huwezi"

Mwalimu niliyemtaja hapo juu ameshajibu. Nitaongeza moja tu: acha kuvuta picha kwa vidole viwili. Kwa simu nyingi, ukipita lenzi zilizowekwa na kiwanda, huko ni kukata picha na kuikuza. Sogea kwa magoti.

"Nyunyizia maji, itaonekana kama umande"

Haionekani. Umande hujipanga kwenye kingo za majani na vinyweleo kwa ukubwa unaokaribiana. Maji ya chupa huacha madimbwi na michirizi, na petali nyepesi zinalala kwa uzito. Amka mapema.

"Hizi nyasi za mbele ningezing'oa tu kidogo"

Usizing'oe. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na iliundwa hasa kwa ajili ya mimea, jambo ambalo ni nadra sana Afrika. Ina zaidi ya aina 350 za mimea, na nyasi unayoiona inakuziba inaweza kuwa okidi ambayo haijatoa ua. Ilaze taratibu kwa kibanio cha nguo, piga, iachie. Na ukitoka kwenye njia ili upate pembe nzuri, wa pili atapita ulipopita, wa tatu pia, na mwakani hapo pana njia mpya.

"Nikichimba kimoja nikapande nyumbani, nitakuwa nakipiga picha kila mwaka"

Hili huwa nalisikia kwa watu wenye mapenzi ya kweli na maua, na ndiyo maana linaniuma. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, kijiko cha bustani kikiwa tayari kwenye mkoba wake. Alikuwa na bustani nzuri Mbeya, anaotesha mawaridi na dalia, hakuna mmea uliowahi kumshinda.

Okidi ya ardhini itamshinda. Mbegu yake ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haiwezi kuota bila kuvu maalumu wa kwenye udongo wanaoilisha. Hata ikishakuwa mmea mkubwa, mizizi yake inaendelea kuishi na kuvu hao. Ukichimba kiazi na bonge la udongo, unachukua sehemu ndogo ya ushirika huo, na kwenye udongo wa mjini wenye mbolea kuvu hufa. Mmea unaweza kutoa jani mwaka wa kwanza kwa nguvu iliyobaki kwenye kiazi, mwenye nao akafurahi kwamba ameweza. Kisha hautoki tena. Mbali na hayo, kutoa mmea hifadhini ni kosa, na biashara ya kimataifa ya okidi zote inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Kitulo ina aina kama 45 za okidi za ardhini, na maadui wake wakubwa hawana kijiko cha bustani. Wana jembe. Viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa huku kusini kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana kule. Mchimbaji huhitaji viazi vingi ili apate kilo moja, na kila kiazi ni mmea mzima.

Yule mama nilimwomba tutembee kidogo. Nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, kwenye mteremko niliokuwa nikipeleka watu kwa sababu ya Disa zake za waridi, tulikuta mashimo. Ya ukubwa wa ngumi, hatua mbili mbili, udongo bado mbichi na mweusi. Maua yalikuwa yametupwa pembeni na vikonyo vyake, mengine hayajanyauka, kwa kuwa mnunuzi anataka kiazi tu. Alihesabu mashimo mpaka thelathini na moja akaacha. Kisha akapiga magoti, akaweka ua moja lililotupwa juu ya kiganja chake, na akaniomba nimshikie shuka ili apige picha.