Ikoni ya ndege haihitaji kila unyoya

Wengi wanaoanza kuchora kwa Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, huamini kuwa ikoni ya ndege haiwi na uhalisia mpaka kila unyoya uchorwe. Sivyo. Ikipunguzwa hadi pikseli 32, manyoya yote hayo huwa ukungu mtupu. Ndege hutambulika kwa umbo: mdiria ni mdomo mrefu ulionyooka, kichwa kikubwa, mkia mfupi. Mchore kwanza kwa weusi mtupu. Asipotambulika hapo, rangi hazitamwokoa. Tumia nukta chache, yaani zile zinazoshikilia na kupinda mstari, maana zikizidi, mstari wa mgongo huparuzika, na hilo huharibu kazi nyingi nzuri. Kisha buluu mgongoni, rangi ya chungwa kifuani, na kidoa cheupe jichoni, upande uleule mwanga unakotoka.