Dirk Kuyt na Hii Stori ya "Alikuwa wa Kukimbia Tu"

Kila nikikaa na watu wa mpira wa rika langu, wale tuliokuwa tunabanana kwenye mabenchi ya vibanda umiza kuanzia 2007 hivi mpaka 2012, jina la Dirk Kuyt, yule Mholanzi aliyekuwa Liverpool, likitajwa tu lazima mmoja acheke halafu aseme yule jamaa alikuwa na mapafu, mpira hana. Kwanza mimi sio shabiki wa Liverpool, naliweka wazi mapema msije mkanirukia, ila hizi stori zimezidi na nyingine ni uongo mtupu.

Uongo mkubwa ni huu, eti Kuyt alizaliwa kiraka, yaani mtu asiyekuwa na namba yake uwanjani ndo maana akawa anarushwarushwa huku na kule. Jamani. Huyu ni mtoto wa Katwijk, mji wa wavuvi huko pwani ya Uholanzi, baba yake alikuwa mvuvi na yeye asingekuwa mpira huenda angeishia baharini, akaanzia timu ya pale pale nyumbani inaitwa Quick Boys, mwaka 1998 akachukuliwa na Utrecht. Mwaka 2003 Utrecht wakaibutua Feyenoord 4-1 kwenye fainali ya Kombe la KNVB, yaani kombe la chama cha soka cha Uholanzi, na Feyenoord hao hao waliolizwa wakaenda kumnunua! Kule Rotterdam, mji wa Feyenoord, alicheza mechi 101 za ligi akaweka magoli 71. Msimu wa 2004/05 alikuwa mfungaji bora wa Eredivisie, ligi kuu ya Uholanzi, magoli 29. Pacha wake pale mbele baadaye akawa Salomon Kalou, yule wa Ivory Coast, wakawa wanaitwa K2. Kwa hiyo Liverpool walipoenda kumchukua Agosti 2006 walikuwa wananunua straika, tena straika wa magoli haswa.

Hata fainali ya Ligi ya Mabingwa 2007 kule Athens dhidi ya AC Milan alianza kama straika, na lile goli la kichwa la dakika ya 89 ni lake. Watu hawalikumbuki kwa sababu Inzaghi wa Milan alishafunga mawili na mechi ikaisha 2-1, nami siwalaumu, goli la kufutia machozi nani analiweka kichwani.

Kilichobadilisha mambo ni ujio wa Fernando Torres hapo 2007. Torres alikuja kuwa namba tisa, yaani straika wa kati, Gerrard akawa nyuma yake, sasa kocha Benitez afanye nini na Kuyt? Akamsukuma winga ya kulia. Mastraika wengi ukiwafanyia hivyo wananuna, wakala anaanza kupiga simu magazetini, yeye akaenda akakaa huko miaka. Na ile kazi ukiiangalia vizuri ilikuwa na akili zake. Beki wa kushoto wa wapinzani akipanda Kuyt anapanda naye, akirudi anarudi naye, mpaka unamkuta karibu na bendera ya kona ya kwao anakaba kama beki, halafu mpira ukichukuliwa ukapelekwa upande wa pili, hesabu sekunde chache tu, yule pale nguzo ya mbali anasubiri krosi. Mtu asiyejua mpira anaona mbio. Straika mwenzie anaona mtu anayejua mpira utadondokea wapi. Nakubali mguso wake wa kwanza ulikuwa mbovu, mpira ulikuwa unamruka kama umegonga mgomba, hapo sitamtetea.

Ndo nifike kwenye ile ya Machi 2011 pale Anfield, nyumbani kwa Liverpool, Liverpool 3 Manchester United 1, yote matatu Kuyt. Mashabiki wa United mpaka leo wanasema yale ni magoli ya kitonga. Haya, ni kweli yote aliyafunga karibu kabisa na goli, ukijumlisha umbali wa mashuti yote matatu hufiki hata boksi la kumi na nane. La kwanza Suarez kawapangua mabeki kama watatu kwenye kieneo kidogo, mpira ukiwa unaelekea mstarini Kuyt akaumalizia, la pili Nani kapiga kichwa cha kurudisha nyuma kikamkuta Kuyt, la tatu Van der Sar katema faulo ya Suarez. Sasa jiulize, kwenye uwanja mzima wenye watu 22, kwa nini mara zote tatu aliyekuwepo pale ni yule yule? Mchezaji wa mwisho wa Liverpool kuwapiga United matatu peke yake kabla ya hapo alikuwa Peter Beardsley mwaka 1990. Miaka zaidi ya ishirini kitonga hakikumdondokea mtu mwingine.

Kuna wanaosema alikuwa mpole sana, malaika wa uwanjani. Waulize Everton. Oktoba 2007 pale Goodison, uwanjani kwao, alimrukia Phil Neville miguu yote miwili hewani kama sinema za kichina, refa akampa njano tu, halafu mwisho wa mechi akawapiga penati ya pili na Liverpool wakashinda 2-1. Penati zote mbili alipiga yeye.

Timu ya taifa nako kuna stori, eti alikuwa wa kujaza benchi nyuma ya akina Robben. Mechi 104 na magoli 24 ni benchi gani hiyo? Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010 Robben akiwa kulia, Kuyt alihamishiwa kushoto, na ukirudia zile mechi utaona: goli la pili dhidi ya Brazil ile kona Kuyt ndiye aliyeigusa kwa kichwa nguzo ya karibu ikamkuta Sneijder, nusu fainali na Uruguay ile krosi ya kichwa cha Robben ni yake. Fainali akaanza. Miaka minne baadaye, Kombe la Dunia la kule Brazil, ana miaka 33, kocha Van Gaal anamgeuza beki wa pembeni! Mechi yake ya 100 ilikuwa dhidi ya Mexico, joto la Fortaleza la kufa mtu, akaanza beki ya kushoto, akahamishiwa kulia, na timu ikitafuta goli akapanda mbele. Robo fainali na Costa Rica kila mtu anamkumbuka kipa Krul kuingizwa dakika za mwisho, ila penati ya nne iliyoingia ni ya Kuyt. Kwenye matuta ya nusu fainali na Argentina pia alifunga yake, waliokosa ni Vlaar na Sneijder.

Eti hakushinda kitu. Liverpool kweli ni Kombe la Ligi la 2012 tu, alifunga kwenye dakika za nyongeza dhidi ya Cardiff kisha akafunga tena kwenye matuta. Wakasema ameenda Fenerbahce kula pensheni, akachukua Kombe la Uturuki 2013 na ubingwa wa ligi 2014. Akarudi Feyenoord 2015, timu ambayo ubingwa ilikuwa haijauona tangu 1999. Mwaka 2017 walihitaji kushinda kwa Excelsior wamalize kazi, kocha akamuanzisha Kuyt benchi, wakachapwa 3-0. Wiki iliyofuata, Mei 14, mechi ya mwisho na Heracles, Ajax wako pointi moja nyuma, mzee wa miaka 36 akarudishwa kikosini, kapteni. Dakika ya kwanza goli. Dakika ya 12 goli. Mwishoni penati, goli. 3-1, De Kuip, uwanja wa Feyenoord, ikawaka, siku tatu baadaye akatangaza kustaafu.

Ila hata huko kustaafu hakukukaa sawa, Machi 2018 Quick Boys ya kwao Katwijk ilipungukiwa mastraika, akavaa viatu akawachezea mechi chache. Namba tisa.