Watu 9,600, Nchi 8

Vijana wa hapa Lamu wanaosomea afya ya jamii huniletea mara kwa mara swali la aina moja: je, anayeishi katika nchi inayotumia fedha nyingi kwa afya ana siha bora kuliko mwenziwe wa nchi inayotumia kidogo? Data huwa ni ya nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuseme watu 1,200 kwa kila nchi, na kompyuta imekwisha kuwapa jibu lenye nyota tatu pembeni, yaani alama ya kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu. Nyota hizo mimi siziamini.

Watu 9,600 wanatosha kabisa kutueleza athari za umri, elimu au kipato cha mtu. Matumizi ya serikali, kwa upande wake, hayatofautiani baina ya raia wa nchi moja, kwa hiyo hapo tuna vipimo 8 tu. Ni sawa na kuwahoji abiria wa mashua nane zivukazo kutoka Mokowe hadi Amu ili kujua kama uzoefu wa nahodha hupunguza kichefuchefu: abiria watakuwa wengi, manahodha watabaki wanane. Regresheni ya kawaida (hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine) hulisahau jambo hili, ikamhesabu kila mhojiwa kuwa ushahidi mpya kuhusu nchi yake, na kosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka ya makadirio, likatoka dogo kupita kiasi.

Wengi hukimbilia modeli ya ngazi nyingi, ambayo hutenganisha tofauti za watu na tofauti za nchi. Ni chombo kizuri, ila mwaka 2016 Mark Bryan na Stephen Jenkins walionya kwamba inahitaji angalau nchi 25 kwa modeli za mstari (za matokeo ya namba), na 30 kwa zile za logiti (za matokeo ya ndiyo au hapana). Kaunti 47 za Kenya zingefaa kwa idadi (ingawa sampuli ya kitaifa ya watu 2,400, ikigawanywa kwa uwiano wa sensa ya 2019, huipa Lamu nzima, kuanzia Witu hadi Kiunga, watu 7 hivi).

Kwa nchi 8 nashauri hatua mbili. Kadiria siha ya kila nchi peke yake, ukizingatia umri na elimu ya wahojiwa, kisha chora nukta nane dhidi ya matumizi ya serikali. Mara nyingi utakuta nchi moja iliyojitenga na wenziwe ndiyo inayoubeba mstari mzima. Ifunike kwa kidole, utazame nukta saba zilizobaki zinaelekea wapi.