Injini Inapopunguza Oili: Namna ya Kutafuta Chanzo Katika Gari Lililotumika Miaka Mingi

Mwenye gari la zamani akilalamika kwamba injini inakula oili, neno la kwanza analotajiwa mara nyingi ni ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya. Yapo magari yanayoihitaji kweli, lakini zipo pia injini nyingi zilizofunguliwa hali tatizo lilikuwa sili ya mpira iliyokakamaa, au valvu ndogo ya kupumulia iliyoziba, vitu ambavyo hubadilishwa bila kuigusa pistoni hata moja. Makala haya yanaeleza utaratibu tunaowafundisha wanafunzi wa ufundi wa magari kuufuata kabla hawajashika spana, na sehemu kubwa ya utaratibu huo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe.

Oili hutoka kwenye injini kwa njia tatu: huvuja nje, huungua ndani ya silinda pamoja na petroli au dizeli, au huingia kwenye maji ya kupozea injini. Kabla ya kutafuta ni njia ipi, ni lazima kwanza ijulikane inapungua kwa kiasi gani, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huangalia kijiti cha kupimia siku moja gari likiwa kwenye mteremko na siku nyingine likiwa limezimwa sasa hivi, kisha hulinganisha vitu visivyolingana.

Lisimamishe gari mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto, ulizime na usubiri dakika 5 hadi 10 ili oili iliyobaki juu ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena na usome. Usiamini alama ya kabla ya kufuta, kwani krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ikizunguka huirusha oili hadi kwenye bomba la kijiti chenyewe. Jaza hadi alama ya juu bila kuipita, andika kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi, na endelea na safari zako za kawaida. Ukifikisha kilomita 1,000, pima tena mahali palepale na uongeze oili kwa chombo chenye vipimo hadi irudi kwenye alama ileile. Ulichoongeza ndicho kilichopotea. Iwapo kabla ya hapo oili imekaribia alama ya chini, usisubiri zitimie. Katika magari mengi madogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita 1. Baadhi ya watengenezaji huandika katika kitabu cha gari kwamba hata nusu lita kwa kilomita 1,000 bado imo ndani ya mipaka yao, kwa hiyo kiasi chenyewe hakitoshi kutoa hukumu. Kinachotushtua sisi zaidi ni mabadiliko: injini iliyokuwa ikipunguza kidogo kwa miaka, halafu ikaongeza kasi ndani ya miezi michache.

Kuna mtego mmoja katika kipimo hiki. Gari linalotumika kwa safari fupifupi tu, ambalo injini yake haipati moto wa kutosha, hukusanya petroli na unyevu ndani ya oili, na kijiti kikaonyesha kwamba hakuna kilichopungua. Siku gari hilo likiendeshwa safari ndefu, mchanganyiko huo huvukizwa na joto na kipimo hushuka ghafla, na mwenye gari akadhani injini imeharibika njiani. Na kama kipimo kinapanda bila mtu kuongeza oili, hilo lisipuuzwe, maana oili iliyochanganyika na mafuta ya kuendeshea au maji hupoteza uwezo wa kulainisha beringi.

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi si kipimo cha kiasi. Taa hiyo hufuata presha, na presha ikishuka kwa sababu ya uhaba, maana yake pampu imeanza kuvuta hewa. Ikiwaka mkiwa njiani, simama mahali salama mara moja na uzime injini, badala ya kujikokota hadi kituo kinachofuata.

Baada ya kupima, anza na uvujaji, kwa kuwa ndio rahisi kuuona. Hata hivyo matone yaliyo sakafuni yanapotosha pande zote mbili. Tone moja la oili ni takriban sehemu ya 20 ya mililita, kwa hiyo matone 10 yanayokutwa chini ya gari kila asubuhi ni nusu mililita, na kwa mwezi mzima hayafiki hata mililita 20. Gari linalopoteza nusu lita kwa mwezi haliwezi kuwa linaipoteza kwa matone hayo peke yake. Kwa upande mwingine, sehemu inayovuja tu wakati oili ina presha inaweza kuacha sakafu ikiwa kavu kabisa usiku kucha, huku njiani ikidondosha tone moja kila mita 30, na kwa kilomita 1,000 hilo ni zaidi ya lita moja na nusu.

Oili inayovuja hutiririka chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, ndiyo maana fundi asiye makini hubadilisha gasketi ya sampu wakati oili inatoka kwenye kifuniko cha tapeti juu kabisa. Safisha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, iache ikauke, endesha kilomita chache, kisha tazama kwa tochi: tafuta mahali palipolowa ambapo ni pa juu zaidi na pa mbele zaidi. Angalia gasketi ya kifuniko cha tapeti, swichi ya presha ya oili, mzingo wa filta, sili ya mbele ya krenki nyuma ya puli, na washa ya bolti ya kumwagia oili. Ikiwa uvujaji ulianza mara tu baada ya kubadilisha oili, fungua filta kwanza. Mara nyingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeganda kwenye injini, na ile mpya hufungwa juu yake. Oili inayodondoka pale injini inapoungana na giaboksi huashiria sili ya nyuma ya krenki, lakini hakikisha kwanza kwamba haitiririki kutoka juu, kwa sababu kuifikia sili hiyo ni lazima giaboksi ishushwe.

Kabla ya kubadilisha sili yoyote, kagua mfumo wa kupumua wa injini. Gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia chini kwenye sampu, na valvu ya kupumulia huirudisha kwenye njia ya hewa ili iungue. Valvu hiyo au bomba lake la mpira likiziba, presha hujikusanya ndani na kusukuma oili popote palipo dhaifu. Ikikwama wazi, injini hunyonya mvuke wa oili na kuuchoma. Kwa maneno mengine, kifaa hiki kimoja huweza kuleta uvujaji na moshi pia. Tumeona sili mpya zikianza kuvuja tena baada ya muda mfupi kwa sababu hakuna aliyekikagua.

Nje pakiwa pakavu, mara nyingi oili inaungua ndani. Moshi wake ni wa bluu, lakini la muhimu zaidi ni wakati unaotokea. Ukitoka kwa wingi injini inapowashwa asubuhi kisha ukapotea, au gari likisimama kwenye foleni ndefu kisha ukatoka unapokanyaga mafuta, mashaka yaelekee kwenye sili za valvu za silinda (milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi), ambazo mpira wake hukakamaa na kuruhusu oili kushuka kwenye valvu. Moshi unaoongezeka kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, mfano wakati wa kupanda mlima, huelekeza kwenye ringi za pistoni (pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda) au kuta za silinda. Katika injini yenye turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), sili za turbo nazo zichunguzwe. Mabomba ya hewa yaliyojaa oili nyingi ni ushahidi. Kutoonekana kwa moshi hakuiondolei injini lawama, kwani kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba huweza kuunguza mabaki ya oili yasionekane, hadi chenyewe kinapochoka.

Chomoa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Plagi moja yenye utando mweusi wenye oili kati ya nne, nyingine zikiwa safi, inakuonyesha silinda yenye tatizo. Oili iliyo upande wa nje wa plagi, ndani ya shimo lake, hutoka kwenye mpira wa kifuniko cha tapeti na haihusiani na ringi.

Kipimo cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda, kifuate. Ikiwa silinda ina presha ya chini, na ikapanda baada ya kutiwa kijiko kidogo cha oili, ringi hazizibi vizuri. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: kompresheni nzuri haithibitishi kwamba ringi zote ni nzima. Ringi mbili za juu ndizo hasa zinazoshikilia presha, na ya tatu kazi yake ni kukwangua oili ukutani. Ringi hiyo ya tatu, au matundu yaliyo nyuma yake, ikizibwa na masizi kutokana na oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa, injini hula oili huku nguvu yake ikiwa ileile.

Njia ya tatu, ya oili kuingia kwenye maji, ni nadra zaidi. Fungua rejeta injini ikiwa baridi kabisa, na utazame kama kuna utando wa oili au uji wa rangi ya kahawa yenye maziwa. Chanzo huwa gasketi ya hedi (kichwa cha injini) au kipozea oili. Uji kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake si dalili tosha, kwani unyevu wa safari fupi huuleta.

Kutumia oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, au dawa za kuzuia uvujaji, kunaweza kupunguza upotevu kwa muda, lakini dawa hizo hufanya kazi kwa kuvimbisha mpira, na mpira uliokatika hauponi. Baada ya matengenezo, usihukumu kwa moshi wa siku za kwanza, kwa kuwa bomba lililolowa oili kwa miezi mingi huendelea kuitoa. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, na usome kijiti baada ya kilomita 1,000.